Ngome ya Bagamoyo: mwisho mwingine wa njia yetu

Wafanyabiashara wetu wanaoshuka Dar es Salaam kutoa mizigo bandarini wanajua jambo moja: kontena haitoki siku ile uliyoambiwa. Utangoja tu. Siku mbili, siku nne, mara juma zima. Wengi wanazimalizia Kariakoo ndani ya chumba chenye feni inayolia, simu mkononi, wakiangalia namna falanga inavyoisha. Ukipata siku mbili za namna hiyo, panda gari uende Bagamoyo. Ni kama kilomita 70 kaskazini ya Dar, kandokando ya bahari Hindi. Kule kuko ngome ya zamani, kuko soko la samaki, kuko pa kupiga hema, na ukivuka mto Wami kuko pori la wanyama linaloenda kuishia kwenye mchanga wa bahari.

Wengine wananiuliza: sasa mtu wa Kasongo ao wa Uvira ataenda kutafuta nini ndani ya kuta za zamani za Watanzania? Jibu ni rahisi. Ile njia iliyokuwa inaishia pale, mwisho wake mwingine ulikuwa kwetu.

Njia ya miguu

Kabla ya reli na kabla ya lori, mizigo ilitembea juu ya mabega ya watu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikafika Tabora, halafu Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Kutoka bahari mpaka Ujiji ni kilomita 1 200 na zaidi, na msafara mkubwa ulichukua miezi mitatu mpaka sita. Lakini Ujiji haikuwa mwisho. Walivuka ziwa kwa mitumbwi, wakapanda tena upande wetu: Kabambare, Kasongo, mpaka Nyangwe kwenye mto Lualaba. Tippu Tip, ambaye jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammad el-Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar, alifanya Kasongo kuwa makao yake makubwa. Mwaka 1887 Leopold II alimweka kuwa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Miaka mitano nyuma, watu wa Leopold wakaanza vita na wale Waarabu na Waswahili wa Maniema, vita vya 1892 mpaka 1894.

Kutoka pwani walileta nguo, hasa ile nguo nyeupe ngumu waliyoiita merikani kwa sababu ilitoka Marekani. Walileta shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Kutoka kwetu walibeba pembe za tembo. Na walichukua watu.

Pembe moja kubwa ilikuwa mzigo wa mtu mmoja, kilo 30 na kitu, kila siku, kutoka asubuhi mpaka jua likiwa kali. Ikifika Bagamoyo ilipakiwa ndani ya jahazi, ikavuka mpaka Zanzibar, na kutoka Zanzibar ikaenda India, Ulaya na Marekani. Kule walitengeneza vitana, mipira ya kuchezea biliadi na vidole vyeupe vya piano. Tembo wa Maniema njo waliimbisha watu ndani ya sebule za New York, na wale waliokuwa wanasikiliza ile muziki hawakuwahi hata kusikia jina la Lualaba.

Ndani ya ngome

Ngome Kongwe, kama wenyeji wanavyoiita, haina ukubwa wa kutisha. Kama umeona picha za Fort Jesus ya Mombasa na unangoja kitu kama kile, utashangaa. Hii ni jengo la ghorofa moja juu, kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, dari za boriti za mikoko, na uwanja katikati. Ilianza mwaka 1860 kama nyumba ya tajiri mmoja Mwarabu, njo maana ukiingia unasikia bado kama uko kwa mtu. Nyuma Sultani Barghash wa Zanzibar aliitia nguvu ikawa ngome. Wajerumani wakaweka askari wao. Waingereza wakaifanya gereza. Baada ya uhuru polisi walikaa pale, mpaka watu wa Mambo ya Kale wakaichukua.

Hesabu vizuri: mfanyabiashara, sultani, Mjerumani, Mwingereza, polisi. Kila mwenye nguvu alipofika, alitafuta zile kuta. Sisi watu wa Mashariki tunajua hadithi ya namna hiyo. Tuna majengo yetu ambayo kila aliyeingia muji aliyachukua kwanza, akabadilisha tu bendera.

Mwongozaji atakupeleka kwenye vyumba vya chini. Atakwambia kwamba hapa watu waliofungwa walingoja usiku, halafu wakashushwa ufukoni kupakiwa ndani ya majahazi. Wengine wanaongeza kwamba kulikuwa njia ya chini ya ardhi mpaka baharini. Sikiliza, lakini sikiliza na akili. Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar mwezi wa sita 1873, Waingereza wakimkaba shingo, na kutoka pale biashara ya watu kwa bahari ikawa ya kujificha. Wanahistoria wanaeleza pia kwamba Bagamoyo ilikuwa zaidi muji wa pembe na wapagazi, na kwamba wafungwa wengi zaidi walipitia Kilwa, kusini. Hii haifuti mateso. Wale waliokamatwa Maniema wengi hawakufika hata baharini: walibakizwa njiani, Ujiji, Tabora, kulima mashamba ya wengine ao kubeba mizigo, ao walikufa.

Nikiwa ndani ya kile chumba cha chini, kitu kilichonikamata ni neno moja la mwongozaji. Alikuwa anasema «watu wa bara». Watu wa bara walifika wamechoka. Watu wa bara hawakuwahi kuona bahari. Alisema kwa upole, kama anavyosema kila siku kwa wageni kutoka Ujerumani na kutoka Arusha. Rafiki yangu wa Kalemie akanigusa kiko cha mkono, akasema polepole: yeye iko anasema juu yetu.

Bwaga moyo

Jina lenyewe la muji lina mabishano. Wote wanakubali linatoka kwa «bwaga moyo». Kubwaga ni kutupa mzigo chini, kuuachilia pu. Basi nani alikuwa anabwaga moyo wake?

Maelezo ya kwanza, ambayo wageni wengi wanapewa, ni ya mfungwa: nimefika baharini, sitarudi tena kwetu, moyo wangu ninauacha hapa. Maelezo ya pili ni ya mpagazi: nimetembea miezi, sasa nimefika, ninatua mzigo, moyo unapumzika. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, hawakuwa watumwa. Walifanya kazi kwa malipo, walibishana bei, na kila majira maelfu yao walipiga kambi pale Bagamoyo wakingoja msafara wa kurudi. Watafiti wengi wanaona haya ya pili yana nguvu zaidi.

Mimi ninaona si lazima kuchagua haraka. Njia moja inaweza kubeba mtu anayelipwa na mtu aliyefungwa kamba, na wote wawili wakaona bahari siku moja. Lakini ni vizuri mgeni kutoka kwetu ajue maelezo yote mawili, juu ya babu zetu walikuwa upande zote mbili. Wengine walifungwa. Wengine walifunga. Wamanyema walijulikana mpaka pwani kama wapagazi, kama askari wa bunduki wa matajiri, na nyuma kama askari wa Wajerumani. Vizazi vyao vingali Ujiji, Tabora, Bujumbura na Dar es Salaam. Pale Kariakoo, hatua chache kutoka maduka tunayonunulia vitambaa na simu, kuko Msikiti wa Manyema. Tunaupita kila mara bila kuuliza jina limetoka wapi.

Kuko tena maneno mawili yaliyotembea ile njia na kubaki kwetu. Watu wa pwani waliojiona wastaarabu, wenye dini na kanzu, walijiita waungwana. Watu wa ndani waliwaita washenzi. Lile la kwanza likafika Maniema, na Kiswahili chetu kikaitwa Kingwana. Lile la pili likafika pia, Wabelgiji wakalipenda, na mpaka leo mtu wa Congo akitaka kumtukana mwingine kuwa ni wa porini anasema «basenji». Tusi tulilopewa kwenye ile barabara, tukaliokota, tukaanza kutupiana sisi kwa sisi. Ukiwa Bagamoyo unasikia Kiswahili kinavyotiririka ufukoni, halafu unafungua kinywa chako useme «niko naenda ku soko», wanacheka kidogo. Hawacheki kwa ubaya. Lakini sasa unajua kile kicheko kina umri gani.

Vingine vya kuangalia

Muji ni mdogo, unaweza kuutembea kwa miguu asubuhi moja. Boma la Wajerumani la 1897 liko karibu na bahari. Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu mpaka 1891 walipohamia Dar. Kuko nyumba ya misafara yenye picha na minyororo, na mahali Wajerumani walinyonga watu waliowapinga. Usiache misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, na makumbusho yake. Hapo mwezi wa pili 1874 Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walifikisha maiti ya Livingstone, waliyoibeba kutoka ndani ya Zambia ya leo. Ni yule Livingstone ambaye mwezi wa saba 1871 alikuwa Nyangwe siku wafanyabiashara wa bunduki walipoua mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake. Maandishi yake juu ya siku ile yalisaidia kuwakaza Waingereza wamkaze Barghash.

Stanley pia alitokea hapa. Tarehe 17 mwezi wa kumi na moja 1874 aliondoka Bagamoyo na msafara mkubwa. Tarehe 9 mwezi wa nane 1877 walitokea Boma, karibu na bahari ya upande mwingine, kule Kongo Central. Inchi yetu yote iko katikati ya zile tarehe mbili. Vitabu vya shule vinamtaja yeye. Wale waliobeba mashua yake vipande vipande juu ya vichwa, wengi wao hawakufika.

Kilomita kama tano kusini ya muji kuko magofu ya Kaole: msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na mbuyu mzee sana. Chukua bajaji, kwa miguu jua litakuonea.

Samaki, kwa watu wa ziwa

Soko la samaki liko ufukoni, karibu na mabaki ya forodha ya zamani. Nenda wakati vyombo vinarudi. Utaona ngalawa, ule mtumbwi wenye mikono miwili ya kuuzuia usipinduke, na mashua zenye tanga. Samaki wanamwagwa chini na mnada unaanza papo hapo: changu, kibua, nguru, pweza, kamba. Mama wauza-samaki wako na masufuria ya mafuta kando, wanakaanga mpaka jioni. Kwa sisi tuliokulia kwenye sambaza za Kivu na ndagala za Tanganyika, ladha ya kwanza ni ngeni, nyama ni ngumu zaidi na chumvi iko ndani yake tayari. Ukipewa pili-pili ya kwao hautalalamika.

Ukitaka kuvua, kuna mambo mawili. Kwanza, sheria. Tanzania ina sheria ya uvuvi ya 2003 inayodai leseni, na mgeni hana ruhusa ya kuchukua tu ndoano akajitosa. Uliza kwa afisa uvuvi wa wilaya, ao kwa kikundi cha kulinda ufuko ambacho wavuvi wanakiita BMU. Wao njo watakuonyesha mvuvi mwenye karatasi zake anayeweza kukupeleka na mshipi saa chache. Ile nyavu ya kukokota kutoka ufukoni, kokoro, imekatazwa kabisa, na baruti ni jela. Wavuvi wa pwani wanaeleza habari ya baruti kama wetu wanavyoeleza habari ya nyavu za mbu ndani ya ziwa: unapata leo, mwaka kesho mtoto wako hapati kitu.

Jambo la pili ni bahari yenyewe.

Ziwa letu halina tabia hii, basi nieleze polepole. Bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Maji yakijaa yanagusa mizizi ya minazi. Yakipwa yanaenda mbali mpaka unaona mchanga na matope kama uwanja wa mpira, na vyombo vimelala upande kama ng'ombe waliochoka. Tofauti inaweza kupita mita tatu. Kila siku saa inasogea karibu minuti 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, ndani ya siku zile na zinazofuata, maji yanapanda juu zaidi na kushuka chini zaidi: wenyeji wanaita bamvua. Katikati ya hapo ni maji mafu, mapando ni madogo.

Mimi na yule rafiki wa Kalemie tulijifunza habari ya bamvua usiku. Tulipiga hema juu ya mchanga mzuri, laini, hatua kama kumi kutoka kwenye maji, kama tunavyofanya kule kwetu. Mzee mmoja aliyepita na baiskeli alituambia tusogee. Tukamshukuru, tukabaki. Saa tisa za usiku miguu yangu ilikuwa inalowa, na kiatu kimoja cha rafiki yangu kilikuwa kimekwisha anza safari ya Zanzibar. Asubuhi yule mzee alirudi, akatuangalia, hakusema neno. Basi kumbuka: mstari wa majani makavu na takataka juu ya ufuko unaonyesha maji yalifika wapi. Piga hema juu ya ule mstari, si chini. Na uliza kila mara mwezi uko wapi.

Pa kulala, na pori la Saadani

Ndani ya ngome hakuna kulala, hii isikudanganye. Ndani ya Bagamoyo kuko nyumba za wageni za bei ndogo, na sehemu zenye bustani kando ya bahari ambapo wanaweza kukuruhusu upige hema kwa malipo kidogo. Omba kuona choo na maji mbele ya kulipa. Kulala ufukoni peke yako, bila mlinzi, sikushauri: tulifanya, tulikuwa wawili, na bado tulilala na jicho moja.

Mwenye kupenda hema ya kweli aende Saadani. Ni hifadhi ya taifa toka 2005, kilomita mraba kama 1 100, na ndiyo mahali ndani ya Tanzania bara ambapo tembo, twiga na simba wanaishi pori linalofika kwenye ufuko wa bahari. Ndani ya mto Wami kuko viboko na mamba. Kwenye ufuko wa Madete kasa wanapanda usiku kutaga mayai, ndiyo sababu wanakataza moto na tochi pale. Kambi za hifadhi ziko, nyingine kando ya mto, nyingine kando ya bahari. Wakati wa masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, barabara za udongo mweusi zinanasa gari vibaya. Miezi ya sita mpaka ya kumi ni mizuri zaidi. Ndani ya hifadhi hauruhusiwi kuvua bila ruhusa ya hifadhi yenyewe, hata kama una leseni ya wilaya.

Saadani iko pia kijiji, cha zamani, cha wavuvi wa kamba, na pori linakizunguka. Mtu wa Kivu ya Kaskazini ataelewa bila kuelezwa: ni kama Vitshumbi ao Kyavinyonge, watu wa samaki katikati ya mbuga ya wanyama. Na matatizo ni ndugu. Kitongoji cha Uvinje, karibu pale, kimevutana miaka mingi na hifadhi juu ya mpaka: wao wanasema walikuwa pale mbele, wenye mbuga wanasema ardhi ni yao. Ukipata nafasi ya kuzungumza na wavuvi, sema tu unatoka upande wa ziwa Eduard. Mazungumzo yatakuwa marefu.

Karatasi na makuta

Mbele ya yote, kadi ya njano ya sindano ya homa ya manjano. Kutoka Congo utaulizwa, usidanganyike kwamba ni bahati. Pasipoti iwe na muda. Juu ya visa, uliza kwa ubalozi ao kwenye mpaka mbele ya kukata tike, kwa sababu mambo haya yanabadilika na kila dalali ana hadithi yake.

Congo iko mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki toka 2022. Hii ina maana kwenye geti la Saadani. Kuko bei ya wageni wa mbali, kuko bei ya raia wa Jumuiya, na tofauti kati yao ni kubwa. Onyesha pasipoti na uulize wazi wazi bei ya raia wa Afrika Mashariki. Si kila mfanyakazi wa geti amezoea kuona pasipoti yetu ndani ya ile orodha, basi sema kwa heshima na usione haya kurudia. Hifadhi kwa kawaida hazipokei pesa mkononi, wanataka kadi ao malipo kwa simu. Kwa ngome na Kaole unalipa kiingilio kidogo, dai risiti, na mwongozaji mpatane mbele ya kuanza, si mwisho.

Bagamoyo ni muji wa Waislamu wengi na wa adabu. Ufuko si hoteli: mama avae kitenge, baba asitembee kifua wazi sokoni. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana. Usimpige mtu picha mbele ya kumwomba, na salamu usizikate: kule «shikamoo» kwa mzee inasemwa na inangojewa, si kama kwetu ambapo «jambo mzee» inatosha.

Kutoka Kigoma kuko treni ya reli ya kati mpaka Dar, safari ndefu inayofuata karibu ile ile njia ya misafara: Tabora, Dodoma, Morogoro. Toka 2024, kati ya Dodoma na Dar kuko treni mpya ya umeme, ni saa chache tu. Ukifika Dar, gari za Bagamoyo utazipata upande wa Makumbusho na Mwenge. Uliza, utaonyeshwa. Hesabu saa mbili, na zaidi kama foleni ya Tegeta na Bunju imefunga. Kwa kurudi usingoje jua lizame: kutoka saa kumi na moja gari zinajaa wauza-samaki na ndoo zao, na utasimama mpaka Dar ukiwa na pweza kwenye goti.